Mifuko Mitano ya Bibi Milembe

Ilikuwa mwezi wa saba, na uwanja wa nyumba ya Kristofa pale Lagangabilili ulikuwa mweupe kwa pamba. Familia yote ilikuwa imekaa juu ya turubai ikichambua. Pamba safi iliwekwa huku, pamba fifi, ile chafu ya bei ya chini, kule. Nyanjige, mke wa Kristofa, alikuwa na mikono myepesi kuliko wote. Binti yake mkubwa, Anna, wa miaka kumi na minne, alijitahidi kumfuata. Elina, wa miaka tisa, alichambua kidogo na kuongea sana. Bibi Milembe, mama yake Kristofa, alikaa kwenye kigoda na kukagua kazi ya kila mtu, hasa ya mwanawe.

"Hii ni fifi," alisema, akimrudishia Kristofa konzi ya pamba. "Macho yako yako wapi, ng'wanawane, mwanangu?"

Macho ya Kristofa yalikuwa Kisumu, katika nchi jirani ya Kenya, ila alikuwa bado hajasema.

Miaka mingi watu wa pale walikuwa wakiuza pamba yao kwa chama cha ushirika peke yake. Walipewa stakabadhi, wakaenda nyumbani kusubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kazi. Sasa mambo yalikuwa yamebadilika. Soko lilikuwa huria. Wanunuzi watatu walileta mizani yao, kila mmoja akitaja bei yake, na wote walilipa taslimu. Wiki ile Kristofa aliuza pamba, akalipa madeni ya mbegu na dawa, akaweka akiba ya ada ya shule. Zikabaki shilingi elfu tisini ambazo hazikuwa na kazi. Jioni alisimama katikati ya uwanja na kutangaza kwamba mwaka huu familia ingepumzika. Wangekwenda Kisumu, wote watano, wiki nzima.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Nyanjige aliendelea kuchambua pamba. Anna alimtazama mama yake. Wote walikuwa wamekumbuka Mwanza.

Mwaka uliopita Kristofa aliwapeleka Mwanza. Aliwaaga majirani wote kwamba wangekaa wiki. Siku ya kwanza walikula kuku hotelini, wakanywa soda mbili mbili, wakapiga picha kwa mpiga picha. Siku ya pili walikula hotelini tena, na Kristofa akawalipia chai watu wawili aliokutana nao, kwa sababu walisalimia vizuri. Siku ya tatu alitia mkono mfukoni, akautoa, akautia tena. Ilibaki nauli tu, na hata hiyo haikutosha vizuri. Walirudi Lagangabilili siku ile ile.

Jirani yao, Mboje, alipowaona wakishuka na mizigo siku ya tatu, alijifunga kanga kiunoni na kuja mbio akilia. Alidhani kuna msiba. Nyuma yake walikuja wengine. Ilichukua nusu saa kuwaeleza kwamba hakuna aliyekufa, ni fedha tu zimekwisha. Kijiji kilicheka kwa mwezi mzima. Nyanjige hakucheka. Aliona aibu mpaka akawa anachota maji mapema, kabla wenzake hawajafika kisimani.

Sababu ya mambo yale haikuwa ulafi. Kristofa hakuwa mlafi wala mlevi. Kosa lake lilikuwa moja. Hakuhesabu fedha ya safari. Marehemu baba yake, mzee Malimi, hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake kwa sauti. Aliamini kwamba kuhesabu mali ni kuita hasara. Kristofa aliichukua tabia hiyo na kuihamishia kwenye noti. Alizitia zote mfuko mmoja wa suruali, akawa anachomoa mpaka ziishe.

"Kwa nini Kisumu?" Anna aliuliza.

Kristofa alimtazama mama yake na kusema, "Kwa sababu ya treni."

Bibi Milembe aliacha kukagua pamba. Alipokuwa msichana, mzee Malimi alikwenda Kisumu na kufanya kazi ya kupakia mizigo ya reli miaka mitatu. Alirudi akamwoa. Maisha yake yote alisimulia treni. Watoto wakilia, aliwabembeleza kwa kuiga honi yake. Alimwahidi mkewe kwamba siku moja wangeipanda pamoja. Ukaja ukame, zikaja karo, wakaja wajukuu. Mzee Malimi alifariki miaka sita iliyopita, na Bibi Milembe alikuwa bado hajaiona treni hata kwa mbali.

"Miguu yangu inakwisha," Bibi alisema taratibu. "Kama ni kwenda, ni mwaka huu. Lakini mkinipeleka mpaka mlangoni mwa treni halafu fedha ziishe, afadhali mniache hapa na pamba yangu."

Kristofa aliinamisha kichwa. Maneno yale yalimwingia.

Kesho yake alimfuata Luhaga. Luhaga alikuwa dereva wa lori, mtu mnene mwenye sauti kubwa, nyumba yake ikiwa ng'ambo ya barabara. Kila mwezi alivuka mpaka wa Sirari kupeleka mizigo Kenya. Watu walimtania kwa sababu garini kwake hakukosa sufuria, jiko la mkaa na kisu cha kukatia vitunguu. Madereva wengine walikula hotelini na kukopa nauli ya kurudi. Luhaga alipika mwenyewe kando ya barabara, na alikuwa amejenga nyumba ya bati.

Alikuja jioni. Alimwinamia Bibi Milembe kumwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Kaa. Umekuja kumfundisha huyu?"

"Nimekuja kula, mayu. Kufundisha ni baadaye."

Walikula ugali na mlenda. Kisha Luhaga akawaambia kwamba wiki nzima Kisumu inawezekana kwa elfu tisini, ila kwa sharti moja. Wapike wenyewe. Alimfahamu mjane mmoja, Mama Awuor, aliyekuwa akipangisha vyumba viwili na jiko kwa wiki. Sufuria na sahani vilikuwepo. Familia inayokula hotelini mara tatu kwa siku, alisema, hulipia kuni za mwenye hoteli, mshahara wa mpishi wake, na hata rangi ya ukuta.

"Basi, rahisi," alisema Kristofa. "Fedha ya chakula tunagawa mara saba. Kila siku sawa."

Luhaga alimgeukia Nyanjige. "Shemeji, siku ya kwanza ukifika kwenye jiko tupu, unanunua nini?"

Nyanjige alishangaa kidogo kuulizwa. Safari ya Mwanza hakuna aliyemuuliza kitu. Alifikiri, akaanza kutaja. Unga, mafuta, chumvi, sukari, majani ya chai, mkaa, kiberiti, sabuni, vitunguu.

"Mafuta utanunua ya siku moja?"

"Hapana. Nitanunua ya wiki. Kidogo kidogo ni ghali."

"Umesikia, Kristofa?" Luhaga alisema. "Siku ya kwanza inakula kuliko nyingine zote. Ukigawa sawa, siku ya kwanza utaona mkeo anafuja. Mtagombana bure. Kumbe amenunua chakula cha siku saba. Baada ya hapo ni mboga, maziwa na nyanya tu, kila siku kidogo."

Kristofa alikuna kichwa. Halafu akasema kile kilichokuwa kinamsumbua. Mambo haya yalitaka kuhesabu, na yeye, kama baba yake, hakupenda kuhesabu fedha ya safari.

Hapo Luhaga alicheka mpaka kigoda kikalia. "Baba yako nilimfahamu. Kweli, hakuhesabu ng'ombe. Lakini jioni alisimama mlangoni mwa zizi, wakapita wote, akasema, yule mwenye doa usoni hajarudi. Aliwajua mmoja mmoja, kwa rangi na kwa kazi. Huyu wa maziwa, huyu wa kulima, huyu wa mahari. Wewe fedha yako ya Mwanza uliijua hivyo?"

Aliyejibu alikuwa Bibi Milembe. Alimwagiza Anna alete kile kikapu cha vitambaa na sindano. Kabla ya kulala alikuwa ameshona mifuko mitano midogo, kila mmoja na rangi yake, na uzi wa kufungia.

Mfuko mweusi aliushona kwa kaniki. Ulikuwa wa nauli ya kurudi. "Huu ni mtamba, ng'ombe jike wa kukuza kundi," alisema. "Mtamba hachinjwi, hata aje mgeni gani." Mfuko mwekundu ulikuwa wa kodi ya vyumba. Mfuko wa madoa, uliotoka kwenye kitenge kikuukuu, ulikuwa wa chakula. Ndani yake Nyanjige aliweka fungu kubwa la soko la kwanza, na vifundo saba vidogo, kimoja kwa kila siku. Mfuko wa kahawia ulitokana na kaptura ya kaki. Huo ulikuwa wa dharura. Elina aliuliza dharura ni nini, na Luhaga akamwambia ni kile kitu ambacho hukukijua jana.

Mfuko wa tano ulikuwa mweupe, wa treni. Bibi aliufungia uzi mrefu na kuuvaa shingoni, ingawa ulikuwa bado mtupu. Luhaga alikuwa amemweleza juu ya treni ya Butere, ambayo huondoka Kisumu asubuhi na kurudi jioni, hivyo mtu anaweza kuipanda na kurudi siku ile ile.

Luhaga aliwaachia mengine mawili. Kwanza, shilingi moja ya Kenya wakati ule ilinunuliwa kwa kama shilingi kumi na moja za Tanzania, na bei hupanda na kushuka. Waulize bei kwenye maduka mawili ya kubadilisha fedha kabla ya kutoa noti. Wasibadilishe kwa vijana wanaozunguka mpakani na mabunda mkononi. Tena wasibadilishe zote. Nauli ya kutoka Sirari mpaka nyumbani italipwa kwa fedha ya Tanzania, kwa hiyo ibaki hivyo hivyo ndani ya mfuko mweusi. Ukiibadilisha kwenda na kurudi, unaikata mara mbili.

Pili, wabebe vyakula vikavu vya nyumbani, vile visivyooza, na wamwonyeshe afisa wa mpakani bila kuficha. Nyanjige alifunga mchele, karanga na michembe, yale mapande ya viazi vitamu yaliyokaushwa juani. Kristofa alitaka kuongeza kuku watatu wazima. Walimkataza wote kwa pamoja.

Waliondoka Jumapili alfajiri na hati zao za kusafiria, kupitia Lamadi hadi Sirari. Kristofa alibeba nauli ya kwenda tu. Mifuko ilikuwa kwa Nyanjige, isipokuwa ule wa shingoni kwa Bibi. Kule mpakani kijana mmoja mwenye bunda la noti alimfuata Kristofa akimwita mjomba. Kristofa alisimama. Bibi Milembe alimuuliza yule kijana ni mtoto wa dada yupi wa Kristofa, maana yeye ndiye aliyemzaa mjomba na angependa kumjua mjukuu wake. Kijana akatoweka. Walibadilisha fedha kwenye duka la pili, lililotoa bei nzuri zaidi, wakautia mfuko mweupe fedha ya treni, na Anna akaandika bei ile kwenye daftari lake.

Mama Awuor aliwapokea jioni. Vyumba vilikuwa safi. Mfuko mwekundu ulifunguliwa pale pale, kodi ya usiku saba ikalipwa, na mfuko ukabaki mtupu. Kristofa aliutazama kwa huruma.

"Usiusikitikie," Nyanjige alisema. "Umefanya kazi yake."

Jumatatu Nyanjige na Anna walikwenda sokoni na kurudi na mizigo kichwani na mikononi. Lile fungu kubwa lilikuwa limekwisha. Kristofa alipouona mfuko wa madoa umenywea, jasho lilimtoka. Alianza kusema kitu juu ya wanawake na masoko. Kisha akaona unga, mafuta, mkaa, sabuni, vyote vimepangwa ukutani, na vile vifundo saba vikiwa bado vizima. Akameza maneno yake. Baadaye alikiri kwamba yalikuwa makali kumeza.

Siku zilianza kuwa tamu. Asubuhi walikunywa chai ya maziwa na viazi. Waliteremka ziwani kutazama meli zikipakia mizigo. Waliona ndege weupe wamesimama majini. Elina alijifunza kusalimia kwa Kijaluo na akamsalimia kila mtu barabarani, wakiwemo wale waliokwisha kusalimiwa. Mchana walirudi kupika. Kristofa mwenyewe alikaa mbele ya jiko akakaanga dagaa, akaunguza nusu yake, akasema ndivyo alivyokusudia. Nyanjige alilala mchana mara mbili wiki ile. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alilala mchana bila kuumwa.

Kila jioni walifungua kifundo cha siku ile na kutazama kilichobaki. Kikibaki kitu, kilikwenda kwenye mfuko mwekundu, ambao sasa haukuwa na kazi. Hilo lilikuwa wazo la Anna.

Jumatano ndipo hatari ilipokuja, na ilikuja na tabasamu. Majirani wa Mama Awuor, familia tatu, walikuja kuwasalimu wageni. Walikaa, wakacheka, wakasikiliza habari za Tanzania. Kristofa aliona aibu kwamba hakuwa na kitu cha kuwapa. Kwao mgeni hakai na watu wiki nzima akila peke yake ndani. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa na mpango. Alikuwa ameona mbuzi sokoni. Alimwita mkewe pembeni na kumwambia kwamba wamchinje, wawaalike majirani wote.

"Kwa fedha ipi?" Nyanjige aliuliza.

Kristofa alitazama mfuko mweusi. Kisha akatazama, kwa haraka na kwa aibu, ule mweupe shingoni mwa mama yake.

Bibi Milembe alikuwa na masikio mazuri kuliko miguu. Aliushika mfuko wake kwa mikono miwili. Hakukasirika. Alizungumza kwa upole, na huo upole ndio uliomuuma Kristofa.

"Mwanangu, mkono wako ni mkarimu, na mimi ndiye niliyekulea hivyo. Lakini ukimla huyo mbuzi, utakuwa umekula treni ya baba yako. Utatafuna, utameza, na mimi nitarudi nyumbani bila kuiona."

Kristofa alikaa chini. Machozi yalimlenga. Alisema hataki kuonekana mchoyo katika nchi ya watu, na hataki kumvunja moyo mama yake, na hajui la kufanya.

Nyanjige ndiye aliyejua. Alikwenda kwenye mzigo wa nyumbani na kutoa michembe yote. Aliichemsha sufuria kubwa, akatwanga karanga, akachanganya. Harufu ilienea ua mzima. Anna na Elina walitumwa mlango kwa mlango kuwaambia majirani waje kuonja chakula cha Wasukuma. Walikuja watu wazima tisa na watoto wasiotulia kiasi cha kujulikana idadi yao. Walikula mpaka sufuria ikakwanguliwa. Mama Awuor alitaka afundishwe kukausha viazi vile. Kristofa alipita kati yao akigawa, akiwa na furaha kana kwamba amechinja fahali. Karamu nzima haikugusa mfuko wowote.

Kesho yake, Ijumaa, jirani mmoja mvuvi aliwaletea sangara mkubwa. Walikula samaki mchana na jioni, na wakabakiza kipande cha Jumamosi. Kifundo cha Ijumaa hakikufunguliwa kabisa. Kiliingia kizima kwenye mfuko mwekundu.

Jumamosi asubuhi walifika stesheni mapema kuliko wafanyakazi. Bibi alikuwa amevaa kanga mpya na viatu ambavyo havikuwa vyake. Kristofa alikwenda dirishani kukata tiketi. Luhaga alikuwa amewaambia kwamba kwenda na kurudi ni shilingi hamsini za Kenya, mtoto nusu. Karani alimwambia kwamba nauli ilipanda mwanzo wa mwezi. Sasa ni sabini, na mtoto thelathini na tano.

Kristofa alirudi kwa wenzake akiwa na uso wa Mwanza. Nyanjige aliutambua mara moja. Mfuko mweupe ulikuwa na mia mbili na hamsini, yaani nauli ya zamani na ziada kidogo. Zilihitajika mia tatu na kumi na tano. Zilipungua sitini na tano.

"Nitabaki," Kristofa alisema. "Mfuko wa dharura ni wa ugonjwa, si wa treni. Nendeni nyie wanne."

"Ngoja," alisema Anna.

Alimwomba mama yake mfuko mwekundu. Waliufungua juu ya benchi. Ndani kulikuwa na kifundo cha Ijumaa, shilingi mia moja ambazo hazikuguswa, na chenji ya siku zote zile, shilingi ishirini na tano. Jumla mia moja na ishirini na tano. Kristofa alizitazama kama mtu aliyeona ng'ombe aliyepotea akirudi mwenyewe zizini. Alizichukua akarudi dirishani, na safari hii alisimama wima.

Zilibaki shilingi sitini. Waliamua palepale kwamba hizo ni za kuchezea, na kwamba kila mtu anaruhusiwa kutamani kitu kimoja njiani.

Bibi Milembe alipandishwa behewani na watu watatu, mmoja akivuta na wawili wakisukuma. Alikaa dirishani. Mara honi ikalia, ndefu, yenye kukwama katikati na kuendelea tena. Bibi aliziba mdomo. Kisha akaanza kucheka huku machozi yakimtiririka.

"Ndiyo hiyo hiyo," alisema. "Miaka yote nilidhani Malimi anatutania. Kumbe alikuwa anaiga sawasawa."

Treni ilianza kwenda. Vilima vya Maseno vilikuja, na mawe makubwa, na mashamba ya kijani. Bibi aliweka mkono dirishani, upepo ukapita katikati ya vidole vyake. Alikuwa na furaha kubwa, na kila aliyemtazama aliiona. Walipofika stesheni ya Yala, Elina alitamani ndizi mbivu, Anna karanga, Nyanjige chai ya kikombe aliyopikiwa na mtu mwingine. Kristofa alisema hatamani kitu. Alikuwa amekaa mkabala na mama yake, na hicho kilimtosha.

Jumapili walimuaga Mama Awuor. Mfuko mweusi ulifunguliwa kwa mara ya kwanza tangu mpakani, ukawatoa Kisumu mpaka mpakani kwa fedha ya Kenya, na kutoka Sirari mpaka Lagangabilili kwa fedha ya Tanzania. Mfuko wa kahawia ulirudi bila kufunguliwa. Luhaga alisema angeibadilisha fedha ile safari yake ijayo, wainunulie mbegu au waiweke. Aliwaambia wasione kwamba waliibeba bure. Ndiyo iliyowafanya walale usingizi.

Mboje alikuwa barabarani akiwasubiri. Alikuwa amehesabu siku nane kwa vijiti. Safari hii hakujifunga kanga kiunoni. Alipiga vigelegele toka mbali, na Nyanjige alimjibu kwa sauti ambayo kijiji hakikuwahi kuisikia kwake. Kesho yake alikwenda kisimani saa ambayo wanawake wote wapo. Alikaa huko mpaka ndoo zikasahauliwa.

Jioni familia ilikaa uwanjani. Bibi Milembe aliuvua ule mfuko mweupe shingoni. Ndani yake alikuwa ameweka kipande cha tiketi. Aliwaambia wanawe wamsikilize, kisha akakohoa kidogo, kama mtu mwenye kosa.

"Baba yenu Malimi aliniahidi vitu viwili. Treni, na meli. Ile meli sikuitaja. Nilitaka kwanza nione kama mnajua kusafiri."

Alitia mkono chini ya kanga na kutoa mfuko wa sita. Ulikuwa wa buluu. Ulikuwa umekwisha kushonwa siku nyingi, na uzi wake umechakaa kwa kuvaliwa.

Nyanjige alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kristofa hakucheka. Aliupokea mfuko, akaingiza mkono kwenye suruali, akatoa sarafu zote alizokuwa nazo. Akaanza kuzitia ndani ya mfuko, moja baada ya nyingine, mbele ya mama yake, mkewe na wanawe. Na alizihesabu kwa sauti.